Kudanganywa na Kudanganyika

Kiswahili kina namna mbili za kusema kwamba kitu kimefikwa na jambo, na tofauti iliyopo baina yake ni ndogo kwa masikio lakini si ndogo kwa haki. Kikombe kikimponyoka mtoto, mtoto husema "kimevunjika". Hasemi "nimekivunja", wala hasemi "kimevunjwa", kwani asikiaye "kimevunjwa" hawezi kujizuia kuuliza: na nani? Kitenzi cha -wa humwacha mtendaji amesimama mlangoni, hata asipotajwa jina. Kitenzi cha -ika humtoa nje ya nyumba kabisa. Kikombe kimevunjika, basi, ndivyo vikombe vilivyo.

Na mtu anapopoteza akiba yake kwa mpenzi wa mtandaoni, ambaye hakuwa mpenzi wala hakuwa yule aliyejitaja, watu husema nini? Barazani, dukani, ndani ya daladala, neno ni moja: "Kadanganyika." Aghalabu hutamkwa kwa kicheko kidogo. Hapana asemaye hivyo juu ya mtu aliyevunjiwa nyumba usiku. Huyo "kaibiwa", na majirani humjia kumpa pole na kumsaidia kutia komeo jipya. Aliyeporwa kwa panga huletewa chai. Aliyeporwa kwa maneno matamu hubandikwa jina, na jina hilo humfuata mpaka kwenye harusi za watoto wake.

Suali ni kama neno hilo lamstahiki.

Mwezi wa Januari 2025 televisheni ya TF1 ya Ufaransa ilionesha kisa cha mwanamke wa makamo aliyepoteza euro 830,000. Mtu alimwandikia akijifanya mama wa Brad Pitt, mcheza filamu wa Kimarekani. Kisha akaja "mwana" mwenyewe, na maneno yakaenda na kurudi kwa miezi mingi. Mwanamke alitumiwa picha za nyota huyo akiwa amelazwa hospitali, picha zilizotengenezwa na kompyuta. Akaambiwa kwamba mgonjwa ana saratani ya figo, na kwamba mali yake yote imefungwa benki kwa sababu ya kesi ya talaka. Naye bibi huyo alikuwa katika talaka yake mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa asili ya sehemu kubwa ya fedha zile. Akatuma, na akatuma tena.

Lililofuata baada ya kipindi kuoneshwa lastahiki kufikiriwa zaidi kuliko lililotangulia. Watu wengi mno walimcheka. Hata makampuni ya biashara, na klabu moja ya mpira, walijitia katika mzaha. Haukupita muda televisheni ile ikakiondoa kipindi chake ili kumhifadhi mwanamke aliyekubali kuhadithia mkasa wake kwa nia ya kuwahadharisha wenziwe. Kicheko basi kikafanya kazi ambayo mwizi mwenyewe asingeweza kuifanya: kilimnyamazisha shahidi. Mwizi hakuchekwa, maana hakuwa na uso wa kuchekwa.

Wala mwanamke huyo si peke yake. Mwaka 2022 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipokea taarifa za watu karibu 70,000 waliotapeliwa kwa njia ya mahaba, na jumla ya walichosema kuwa wamepoteza ilikuwa dola bilioni 1.3. Hao ni wale waliothubutu kusema. Mji mzima hauwezi kuwa na wapumbavu watupu; wamo humo, bila ya shaka, walimu, wahasibu, wauguzi, na watu ambao mtaani kwao ndio waendewao kwa shauri.

Watu wa mwambao, zaidi ya wengine, wana sababu ya kujizuia kucheka, kwani kupenda bila ya kuona si jambo geni kwao. Kwa vizazi vingi mtu aliweza kumpenda yule aliyesikia habari zake tu, au sauti yake nyuma ya pazia. Posa ilipelekwa na mshenga, na pengine bwana harusi aliuona vyema uso wa mkewe usiku alioingia nyumbani. Wala haikuwa lazima maneno ya mahaba yawe ya mpenzi mwenyewe. Asiyejua kutunga alimwendea malenga, akamweleza hali ya moyo wake, akarudi na beti zilizotimia vina na mizani. Katika ukumbi wa taarab mpaka leo mtu huinuka na noti mkononi, akaenda kumtunza mwimbaji kwenye ubeti aliouchagua, huku macho yake yakimtazama mtu wa safu ya tatu. Maneno ni ya mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, lakini ujumbe ni wa yule aliyeinuka, na ukumbi mzima unajua umemwendea nani.

Kwa hivyo maneno ya kuazima siyo uongo. Wapo wanaodhani kwamba tapeli hujulikana kwa utamu wa barua zake, au kwa kuwa barua hizo zimenakiliwa na kupelekewa watu kumi. Lau utamu na kunakili vingekuwa ushahidi, nusu ya ndoa za pwani zingevunjwa mahakamani. Tofauti iko pahala pengine. Aliyechukua beti kwa malenga alizipeleka kwa uso wake mwenyewe. Yakikubaliwa maneno, ni yeye aliyekuja. Ilijulikana ni mtoto wa nani, na nyumba yake ilikuwa na mlango wa kugongwa. Mshenga naye alikuwa mtu wa kuulizwa. Na upande wa mwanamke haukukaa kitako kungojea: ulituma watu waulizie kazi ya bwana huyo, deni lake dukani, na sababu iliyomfanya amwache mke wa kwanza. Maneno yalikuwa ya kuazima, ila dhamana ilikuwa ya mwenyewe.

Katika mahaba ya tapeli mpango huo umepinduliwa. Picha ni ya mtu mmoja, labda daktari au askari ambaye hana habari kwamba uso wake umeibwa. Jina ni la mtu wa pili, asiyekuwepo. Mkono unaoandika ni wa mtu wa tatu, na namba ya kupokelea fedha imesajiliwa kwa wa nne. Katika wanne hao hapana hata mmoja anayeweza kuja mlangoni.

Kutokuja huko ndiko dalili kubwa, na nyingi kati ya dalili nyengine ni watoto wake. Ndiyo sababu bwana huyo huwa mhandisi kwenye mtambo wa mafuta baharini, au daktari wa jeshi vitani, au nahodha: kazi zinazoeleza kwa nini mtu hayupo. Ahadi ya kuja hutolewa, tiketi ikakatwa, kisha mzigo ukazuiwa forodhani au ajali ikatokea njiani. Kamera ya simu yake huwa mbovu. Na siku hizi kamera inaweza kuwa nzima na uso ukaonekana ukisema na kucheka, kwani kompyuta yaweza kumvika mtu aliye hai uso wa mwengine. Kwa hivyo kuonana kwa simu hakujawa tena kuonana. Tena ana haraka. Siku za mwanzo tu huomba mazungumzo yahamie pahala pa faragha, na kabla ya wiki mbili kwisha keshaanza kuita "mke wangu".

Ama ombi la fedha, hilo peke yake lisichukuliwe kuwa hukumu. Wapenzi wa kweli huombana, na mwungwana hamnyimi mwenzake nauli. La kuangaliwa ni sura ya ombi lenyewe: shida ina saa yake ambayo ikipita mambo yameharibika, kila shida ni ya mwisho, na baada yake huja nyengine, na fedha hutakiwa kwa njia isiyorudisha, kama vile sarafu za mtandaoni, kadi za zawadi ambazo namba zake husomwa kwa simu, au laini ya mtu asiyejulikana. Iko na namna ya pili, iliyo hodari zaidi, ambayo mpenzi haombi kitu. Yeye humfundisha mwenzake biashara. Humwonesha ukurasa ambao ndani yake fedha zinakua kila siku, na humwachia atoe kidogo ili asadiki. Akitaka kutoa zote huambiwa alipe kodi kwanza. Fedha zile hazikuwa zikikua. Zilizokuwa zikikua ni tarakimu.

Dalili ya ndani kabisa, hata hivyo, ni siri, na hapa tapeli amejificha ndani ya desturi ya mapenzi yenyewe. Mahaba tangu zamani hupenda kusitirika. Asiyekuwa na siri na mpenziwe labda hana mpenzi. Tapeli aijua ada hiyo na huigeuza. Siri ya wapenzi huwafunika wawili na kuwazuia wengine wasione. Siri ya tapeli humfunika mmoja tu, na humzuia yeye asione. "Usimwambie mwanao, hatonifahamu." "Dada yako ana choyo." Kidogo kidogo huondolewa kila jicho ambalo lingeweza kuona, mpaka yakabaki macho ya yule anayetumiwa maneno, nayo yamejaa machozi.

Haitokuwa uadilifu kudai kwamba aliyetendewa haya hakuwa na mkono wake hata kidogo. Aliona. Aliona kwamba barua za asubuhi na za usiku hazikuandikwa kwa lugha moja. Aliona kwamba bwana huyo alilisahau jina la mtoto aliyekuwa akiliulizia jana. Nyufa alizipitishia chokaa mwenyewe. Lakini ni nani apendaye asiyeziba nyufa? Kila mpenzi humkamilisha mwenzake kwa vitu vya ghalani mwake, na watunzi wanalijua hili kuliko wote: katika shairi la mahaba, sehemu kubwa ya mpendwa imetengenezwa na mtunzi. Aliyependwa kwa kweli huja baadaye akaijaza nafasi hiyo kwa tabia zake, zilizo njema na zilizo mbaya. Kwa tapeli hapana ajaye, na nafasi hujazwa na mpendaji mwenyewe hadi mwisho.

Basi iko kweli katika "kadanganyika". Ila -ika haina maana moja. Njia ipitikayo ni njia inayowezekana kupitwa. Mti upandikao ni mti ambao mtu aweza kuupanda. Kwa maana hiyo, kudanganyika ni kuwa mtu ambaye uongo unaweza kumwingia, na uongo humwingia mtu kwa mlango ule ule unaoingiza kweli. Asiyedanganyika katu ni mtu asiyesadiki neno la yeyote, na huyo hata akipendwa kwa dhati hatojua. Kitenzi cha -ika kinaeleza umbile la binadamu. Kitenzi cha -wa kinaeleza kosa lililotendwa, na kwamba yuko aliyelitenda. Mtaa unapolichukua la kwanza ukalifunikia la pili, mwizi amepewa udhuru asiouomba.

Nyumbani, uchaguzi wa neno huwa na matokeo ya haraka. Mtoto agundua kwamba mamake, mjane, anamtumia fedha mtu wa mbali. Amjia juu: "Mama, umedanganyika, hata huoni?" Mama asikia kwamba yeye ni mpumbavu. Usiku huo yuko mtu mmoja duniani asiyemwona mpumbavu, naye yumo ndani ya simu. Tena alikwisha kumtahadharisha kwamba watoto watakuja kumwonea kijicho. Mtoto amesema kweli tupu, na amemsogeza mamake hatua moja karibu na mwizi.

Mwengine hukaa chini na kusema: "Mama, huyu bwana nami nataka kumjua. Anafanya kazi meli gani? Naomba anipigie, nimsalimie." Haya ni maswali ya ukweni, na mama anayajua, ndiyo waliyoulizwa wachumba wa dada zake. Picha hutafutwa kwenye mtandao kwa pamoja, ikaonekana imebandikwa kwa majina matatu. Jina la meli huulizwa, na jibu huwa ni hasira. Mama haambiwi kitu, anaona. Inaweza kuchukua wiki, na fedha nyengine zinaweza kupotea ndani ya wiki hizo, na pengine mama hatoamini hata hapo. Lakini mlango wa kurudi haukufungwa.

Akisha kuamini, yako ya kufanywa bila ya kukawia. Asitume tena hata senti, na asimjulishe mtu huyo kwamba amemtambua, kwani mabishano ndiyo uwanja wake. Ujumbe, picha, namba na risiti visifutwe, ijapokuwa moyo watamani kuvifuta, maana hivyo ndivyo ushahidi. Benki au kampuni ya simu ipigiwe saa ile ile; fedha ambazo hazijatolewa upande wa pili huwezekana mara nyengine kuzuiwa. Kisha polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na namba za simu za matapeli hupelekwa 15040. Ikiwa alituma picha za faragha na sasa anatishwa nazo, asilipe, kwa sababu anayelipa mara moja huonekana kuwa analipika. Tena ajihadhari na mtu atakayemjia baadaye, mpole na mwenye sauti ya kiofisi, akidai aweza kuzirejesha fedha zote kwa ada ndogo. Mara nyingi ni mwizi yule yule aliyebadili kofia.

Baada ya hayo yote hubaki jambo ambalo polisi hawana fomu yake. Mtu huyu amefiwa. Kwa miezi alisalimiwa asubuhi kabla ya mtu mwengine yeyote kumsalimu, akaulizwa kama amekula, akaambiwa aikumbuke dawa yake. Sasa sauti hiyo imekatika, na hapana maiti wala kaburi, wala tanga la kumkusanyia watu. Hapana eda ya mtu asiyekuwepo. Akilia, ataulizwa analia fedha; akisema halii fedha, atachekwa zaidi. Alichotoa yeye kilikuwa mapenzi kweli, na hayakugeuka kuwa ya uongo kwa kuwa aliyeyapokea alikuwa mwongo. Fedha ya halali haiwi bandia kwa kuingia mfukoni mwa mwizi.

Na aliyeandika je?

Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani walitapeliwa kwa barua iliyokuja kujulikana kuwa ya Mfungwa wa Hispania. Mwandishi alidai kuna tajiri aliyefungwa gerezani kwa dhulma. Anayesaidia kumtoa atapata sehemu ya mali, na pengine yumo na binti anayehitaji mlezi. Mfungwa hakuwepo. Karne ya 21 imeigeuza hadithi hiyo ndani nje. Mwezi wa Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 Kambodia, huenda wakawa wameshikwa katika majumba ambamo hulazimishwa kutapeli kwa mtandao. Wengi wao waliitikia tangazo la kazi nzuri. Walipofika, pasi zao zikachukuliwa, wakakalishwa mbele ya simu na kompyuta na maneno ya mahaba yaliyokwisha kuandikwa, na asiyefikisha kiwango alipigwa au kuchomwa kwa umeme. Zamani barua ilisema mwandishi yumo kifungoni, naye alikuwa huru akinywa mvinyo. Leo barua yasema mwandishi ni mhandisi huru, naye yumo kifungoni.

Wapo pia, nao si haba, wanaoifanya kazi hii kwa hiari yao, vyumbani mwao, bila ya kushikiwa fimbo na mtu, na hao Kiswahili hakiwatafutii kitenzi chengine: wanadanganya. Lakini kwa yule wa nyuma ya ukuta lugha inacho kiambishi cha tatu. Huyo kwanza kadanganywa, kwa tangazo la kazi. Kisha kadanganyishwa, yaani kafanywa adanganye. Kiasi gani cha lawama hubaki mikononi mwa mtu wa namna hiyo ni jambo ambalo mahakama za nchi kadhaa zimekuwa zikihangaika nalo, na si rahisi. Mwanamke aliyeibiwa hawiwi na mtu msamaha. Hata hivyo, hasira yake yafaa ijue anwani yake, na anwani hiyo iko ghorofa ya juu kuliko pale palipoandikwa barua.

Wenye kazi hiyo, kwa Kichina, waliita ufundi wao kwa jina la kumchinja nguruwe, kwa sababu anayetegwa hunenepeshwa kwanza kwa mapenzi. Jina hilo lilienea duniani hata katika vinywa vya wapelelezi, mpaka Disemba 2024 ambapo Interpol, shirika la polisi la kimataifa, liliomba liachwe, kwani linawadhalilisha waliotendewa na kuwafanya waone haya kusema. Lilipendekeza badala yake jina lenye maana ya kutegea kwa chambo cha mahaba. Mvuvi yeyote ataliona hilo kuwa ni karibu zaidi na haki: chambo humtaja aliyekitia kwenye ndoana.

Mwezi wa Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa katika majumba ya upande wa Myawaddy, nchini Myanmar, na kundi moja baada ya jengine likavuka mto Moei kuingia Thailand. Walikuwemo vijana wa Ethiopia, wa Kenya na wa Uganda. Yumkini yuko miongoni mwao, aliyerudi kwao na sasa yumo katika kutafuta kazi, ambaye bado anayakumbuka kwa moyo mambo ya mwanamke ambaye hajapata kumwona: siku aliyofiwa na mumewe, jina la paka wake, dawa anayokunywa asubuhi, wimbo unaomliza. Fedha zilikwenda kwa mabwana. Hayo alibaki nayo yeye, na mwanamke yule hajui yamo mikononi mwa nani.